Sakafu Ndiyo Imepanda

Ukumbi wetu wa michezo ni mdogo, na asije mtu hapa akauita uwanja. Ukipiga chafya upande huu wa majukwaa, wa upande ule anakujibu "afya". Ulijengwa kwa ajili ya mpira wa kikapu, lakini ni ukumbi usiojua kukataa. Asubuhi akina mama wanakuja kuruka kamba wapunguze matumbo, jioni kuna voliboli, mitihani ikifika yanapangwa madawati, na wikendi isiyo na mechi kuna harusi. Sakafuni kuna mistari ya rangi nyingi, kila mchezo na rangi yake. Wapambaji wa harusi hupanga viti kwa kuifuata, wakidhani ilichorwa kwa ajili yao.

Mimi ndiye mwenye duka la soda pale mlangoni, lile lenye kidirisha. Pia nashona. Pia nafagia, kwa sababu mfagiaji aliyeajiriwa ana mgongo unaomuuma kila siku isipokuwa siku ya mshahara. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, mji mzima unamwita Chuma, na ringi zote mbili za vikapu alizitengeneza na kuzifunga yeye. Mdogo wake ni seremala, anaitwa Randa, na ndiye aliyelaza sakafu ya mbao. Kwa hiyo ukiondoa matofali na mabati, ukumbi ule ni kazi ya familia yetu, na kasoro zake ni za kifamilia pia.

Ndugu hawa wawili walikuwa hawasemeshani. Chanzo ni mlango. Mume wangu alitengeneza fremu ya chuma ya mlango wa nyumba yetu, shemeji akatengeneza mlango wenyewe wa mbao, na siku ya kuufunga ukagoma kuingia. Mmoja akasema mlango ni mnene, mwingine akasema fremu ni nyembamba. Watu wazima wenye akili timamu wangepunguza hapa, wakaongeza pale, wakanywa chai. Wao walinuniana. Mlango ule sasa ni meza yangu ya kukatia nguo, na nyumbani kwangu, kwa fundi na nduguye fundi, tunaingia kwa kufunua pazia.

Kazi ya ukumbi ilipopatikana waliikubali wote wawili, ila kwa zamu, mmoja asubuhi na mwingine mchana. Wakikutana katikati, mimi ndiye niliyekuwa simu yao.

"Mwambie shemeji yako asiniwekee mbao zake njiani," mume wangu anasema.

Shemeji yupo hapo hapo, masikio anayo mawili, lakini ananigeukia mimi. "Shemeji, mwambie mumeo njia si ya baba yake."

Baba yao ni mmoja. Nilikuwa nimeshachoka kuwakumbusha.

Sasa nije kwa mwanangu, maana habari hii ni yake. Ni kitinda mimba wangu, mrefu, mwembamba, anakula kama anahamisha chakula kukipeleka nyumba nyingine. Wanamwita Kipanga. Mji mzima ni yeye peke yake anayeweza kudanki, yaani kuruka mpaka mkono unapita juu ya ringi, kisha mpira anaupigilia humo ndani kama msumari. Akidanki, mabati yanatetemeka, watu wanarukaruka, soda zinamwagika, na aliyemwaga soda hununua nyingine. Hata kama nisingemzaa ningempenda.

Ugenini hajawahi kudanki hata mara moja. Hilo halikutusumbua, kwa sababu kila safari tulikuwa na maelezo. Mara sakafu yao ya saruji haina mruko, mara upepo, mara viatu vilikuwa vipya, mara viatu vilikuwa vya zamani. Kuna siku alikosa mbele ya watu wengi, na mimi mwenyewe nikasimama nikasema kwa sauti kwamba alikula kiporo.

Basi tukapata habari kwamba klabu kubwa, ile inayocheza mpaka nje ya nchi, inamtuma kocha wake Jumamosi aje amtazame Kipanga. Akiridhika, anamchukua. Mwanangu akawa halali usingizi. Mimi nilifurahi kama mama yeyote, nikawaambia majirani wote, hata wale ambao siwasalimii.

Wiki hiyo hiyo nikapata kazi ya kushona mapambo ya harusi ya wikendi inayofuata. Mama wa bibi harusi alikuja ukumbini, akatazama juu, akakunja uso. "Mimi mwanangu haolewi chini ya kikapu," akasema. "Yafunike hayo madude."

Nikapata wazo zuri. Nitashona kitambaa cheupe cha duara, nikitundike kwenye ringi kishuke mpaka chini, kikae kama nguzo. Nikamuuliza mume wangu ringi iko juu kiasi gani.

"Mita tatu na sentimita tano," akajibu bila kuinua kichwa kwenye sahani. "Dunia nzima. Uende popote, ringi ni hiyo. Niliipima mwenyewe, mara mbili."

Nikakata, nikashona, nikaenda kutundika siku ya Alhamisi. Kitambaa kikaburuta sakafuni, upana wa kiganja kizima na zaidi kidogo. Nikakagua pindo, pindo sawa. Nikasema labda kitambaa kimevutika, maana siku hizi hata vitambaa havina adabu. Nikakipeleka ringi ya pili. Kikaburuta vile vile. Nikachukua futi yangu ya kushonea, nikapanda ngazi, nikapima ringi mpaka sakafuni. Haikufika mita tatu.

Nilishuka taratibu nikakaa kwenye mpira. Mbele yangu ulikuwa mlango wa stoo, mahali ambapo kila mtu hujikwaa, kwa sababu stoo ina sakafu ya saruji na mbao zinaishia pale kizingitini. Nilikuwa nimejikwaa pale mara nyingi na kutukana mara nyingi, lakini sikuwahi kuinama nikatazama. Siku hiyo niliinama. Chini saruji, juu yake boriti zilizolazwa, juu ya boriti mbao. Upana wa kiganja na zaidi kidogo.

Nikaelewa yote kwa pamoja. Mume wangu alifunga ringi asubuhi, akapima kutoka kwenye saruji, akapata sawasawa. Shemeji akaja mchana, akalaza boriti zake na mbao zake, naye akafanya sawasawa. Hakuna aliyekosea. Ila hakuna aliyemwambia mwenzake, na mimi simu yao hakuna aliyenipa ujumbe huo.

Ndiyo kusema kwamba watoto wa mji huu wote walijiona warefu kumbe wamekanyaga kistuli. Na Kipanga wangu alikuwa mrefu kuliko wote juu ya kistuli hicho.

Nikamwita mume wangu. Alitazama, akapima, akapima tena, akavuta pumzi. Nilidhani atasema samahani. "Ringi yangu iko palepale nilipoiweka," akasema. "Sakafu ndiyo imepanda."

Nikamwita shemeji. Akainama kizingitini, akapapasa mbao zake kwa upendo. "Shemeji, mwambie mumeo sakafu haina miguu ya kupandia," akasema. "Ringi ndiyo imeshuka."

Niliwaacha na hoja zao. Mimi kilichonikaa kichwani ni Jumamosi.

Jioni Kipanga alipokuja mazoezini nikamwita dukani, nikamweleza. Kwanza alicheka. Kisha akaenda mwenyewe kizingitini akatazama, akarudi hana rangi. Akakaa juu ya kreti.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Baba yako na baba yako mdogo."

"Basi hakuna anayejua, maana hao hawaambiani kitu." Akanikaribia, akashusha sauti. "Mama, nakuomba. Acheni mpaka Jumapili. Kocha aje, anione, anichukue. Jumapili mkitaka zipandisheni mpaka darini."

"Halafu huko utadanki kwenye nini?"

"Nitafanya mazoezi. Nitazoea."

"Utazoea mbele ya nani?"

"Mama!"

"Nakuuliza. Siku ya kwanza watakuambia, haya, Kipanga, tuoneshe. Utaruka. Utagonga chuma. Utaanguka chali mbele ya watu wasiokujua hata jina la nyumbani, na watakucheka mpaka urudi. Hapa ukianguka watakaokucheka ni shangazi zako."

"Na nikianguka hapa siendi kabisa!" Machozi yalikuwa karibu, na yeye ni mtu mzima mwenye ndevu. "Ni bahati yangu moja tu, mama. Moja. Na wewe mwenyewe ndiye unataka kuikata?"

Nilimwambia uongo una miguu mifupi, naye akaniambia hata yeye kumbe anayo, akatoka. Usiku ule hakula, na mwanangu kutokula ni jambo la kuita daktari.

Lakini nilikuwa nimeamua. Ijumaa asubuhi na mapema nikawakokota mafundi wangu wawili mpaka ukumbini, nikafunga mlango, ufunguo nikautia kifuani.

"Zipandisheni," nikasema. "Hatoki mtu."

Kazi yenyewe ilikuwa ya watu wawili, na wao walilijua hilo, ndiyo maana walichelewa kuianza. Chuma kinachoshika ringi kimefungwa ukutani kwa bolti, na mbele yake kuna ubao mzito alioutengeneza shemeji. Mmoja lazima afungue bolti, mwingine lazima aubebe ubao usije ukaanguka. Mume wangu akapanda ngazi ya kulia, shemeji ya kushoto, baada ya kuweka matambara chini ya miguu ya ngazi zote mbili ili sakafu yake isikwaruzwe. Mimi nikasimama katikati, nimeshika ngazi moja kwa kila mkono.

"Mwambie ainue upande wake," mume wangu akasema kutoka juu.

"Shemeji, inua upande wako."

"Mwambie nimeshainua, yeye ndiye amelala."

"Amesema wewe ndiye umelala."

"Mwambie..."

"Sisemi tena!" nikapiga kelele. "Mnapumuliana usoni! Mate ya huyu yanamfikia yule kabla ya maneno yangu!"

Kazi ikaendelea kwa kuguna. Ringi ya kwanza ikapanda salama, ikapimwa kutoka kwenye mbao safari hii. Kwenye ringi ya pili, bolti ya mwisho ilipotoka, ubao uliteleza. Niliona kona yake inakuja moja kwa moja kwenye utosi wangu.

"Shika wewe!" mume wangu akafoka. "Shika, mdogo wangu!"

"Nimeshika, kaka," shemeji akajibu, anahema. "Nimeshika. Funga."

Mimi chini niliganda. Wao hawakugundua walichofanya, waliendelea tu, lete spana, sogea kidogo, hapo hapo. Waliposhuka ndipo wakatazamana, wakaona haya kama wachumba. Shemeji akakohoa, akasema mabati ya ukumbi yanataka rangi. Mume wangu akakubali kwamba kweli yanataka rangi. Kisha wakapatana jambo la pili papo hapo: watu wasijue, hii ni siri ya familia. Sikufurahia, lakini baada ya miaka yote hiyo ya kunitumia kama simu, sikutaka kuvunja makubaliano yao ya kwanza.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Kocha mgeni alikuwa mtu mfupi, mnene, wa maneno machache, aliyenunua soda dukani kwangu akakataa ya baridi kwa sababu ya jino. Nilimpa ya moto bora niliyokuwa nayo. Wachezaji wetu waligawanywa pande mbili wacheze wenyewe kwa wenyewe, na Kipanga aliponipita kwenda uwanjani alizitazama ringi juu, hakunisalimia.

Mpira wa kwanza ulirushwa na mchezaji wetu mwenye shabaha kuliko wote, yule ambaye hufunga huku anaangalia wasichana jukwaani. Ukagonga mbele ya ringi ukarudi. Wa pili ukarudi. Wa tatu haukugusa hata ringi. Jamani, vijana wale walikuwa wamefundisha mikono yao kwenye kimo kimoja tangu utotoni, na sasa kila mpira ulifika ukiwa umepungukiwa, kama mgeni anayekosea nyumba kwa mlango mmoja. Upande mmoja unakosa, unakimbia, upande wa pili unakosa. Wachezaji wakaanza kutazama mikono yao. Mmoja akabadilisha viatu. Jukwaani nilisikia mtu anasema lazima wote wamekula kiporo.

Hapo Kipanga akapata mpira peke yake, njia nyeupe mbele yake. Ukumbi mzima ulisimama. Alikimbia, akaruka, na aliruka juu kuliko siku zote, nakuapia, nilimwona uso wake ukilingana na nyavu. Mpira ukagonga chuma. Yeye akaanguka chali, na mlio wake kwenye zile mbao za shemeji ukafika mpaka dukani.

Kikazuka kicheko, na sauti ya kwanza ilikuwa ya shangazi yake, kama nilivyotabiri.

Nilikuwa nimeshafungua mlango wa duka niende kumwinua. Lakini akasimama mwenyewe. Alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena, akajifuta magoti, akarudi mchezoni. Na kwa hasira aliyokuwa nayo, akaanza kuiwinda mipira. Kila mpira uliokosa, na yote ilikuwa inakosa, aliurukia. Anaupata juu ya vichwa vya wenzake, anaunyakua, anampa mtu arushe. Mtu anakosa. Kipanga huyo tena hewani. Anaunyakua, anampa mwingine. Anakosa. Kipanga tena. Hakutabasamu hata mara moja. Alikuwa kama mtu anayeanua nguo kabla ya mvua, hana muda na mtu. Hakudanki tena na hakujaribu.

Mchezo ulipokwisha, alama zilikuwa chache mpaka kutia aibu. Watu walitoka wakinung'unika. Kocha mgeni akaja kidirishani kurudisha chupa, Kipanga akiwa amesimama hapo karibu, taulo kichwani, anasubiri kuambiwa asante kwaheri.

"Niliambiwa wewe unadanki," kocha akamwambia.

"Nilikuwa nadanki," mwanangu akasema.

"Hudanki. Usidanki tena, utavunjika mgongo." Kocha akapapasa shavu lake lenye jino. "Lakini sijaona timu inayokosa kama hii tangu nianze kazi, na sijaona mtu anayeokota makosa ya wenzake kama wewe. Wa kufunga ninao, wamejaa benchi, kila mmoja anataka apigwe picha. Wa kuwaokotea sina. Jumatatu naondoka. Ukitaka, tunaondoka wote."

Akaenda zake nje kutafuta dawa ya jino.

Kipanga alitoa taulo kichwani. "Mama, umesikia? Yaani niende mbali kote huko nikaokote mipira?"

Alikuwa ananuna, lakini macho yake yalikuwa yananiomba kitu. Ndani yangu mambo yalikuwa yamepangwa tofauti. Ataanguka, atalia kidogo, nitampikia, atabaki. Nilijiambia napandisha ringi kwa ajili ya ukweli, na kweli ilikuwa kwa ajili ya ukweli, lakini moyo wa mama una mlango wa uani, na huko nyuma nilikuwa nimeshamtandikia kitanda chake cha siku zote. Angenisikia nikisema, "Wewe si wa kuokota, mwanangu," asingekwenda. Neno moja tu lilitosha. Nililiona kabisa mdomoni mwangu.

"Okota," nikamwambia. "Nenda ukaokote."

"Kweli?"

"Na viatu upake rangi. Usiende huko watu wakadhani huna kwenu."

Akaingiza kichwa chake chote kirefu kwenye kidirisha, akanikumbatia humo humo mpaka akaangusha maboksi ya pipi, kisha akakimbia kumfuata baba yake na baba yake mdogo, ambao walikuwa katikati ya uwanja wanabishana kuhusu rangi ya mabati, moja kwa moja, mdomo kwa mdomo.

Nikafunga kidirisha nikalia. Wateja wakaanza kugonga wakitaka soda. Niliwaambia wasubiri, mwenye duka ana mtoto anasafiri.